Saba kwa Nne: Ardhi ya Pamoja ya Dallas na Fort Worth na Majirani Wasio na Kura

Serikali mbili zinapomiliki ardhi moja, wengi hukimbilia kuuliza nani ana hisa kubwa. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limepewa uzito kupita kiasi. Linaloamua mustakabali wa ardhi ya namna hiyo ni nani anapanga matumizi yake na nani anakula kodi inayozaliwa juu yake.

Mfano ni kiwanja cha ndege cha Dallas–Fort Worth, jimboni Texas: zaidi ya ekari 17,000, takriban kilomita za mraba 70. Dallas ina sehemu 7 kati ya 11 na Fort Worth 4, na wajumbe wa bodi wenye kura wamegawanywa vivyo hivyo. Ukitazama hesabu hiyo peke yake utasema Fort Worth imemezwa. Sivyo. Bajeti ya kila mwaka na mikopo ya hati fungani lazima iidhinishwe na mabaraza ya madiwani ya miji yote miwili, kwa hiyo kwenye fedha wale saba hawana ubavu wa kuwaburuza wanne.

Ulinzi huo haukutokana na upendo. Mwaka 1943 mpango wa kiwanja cha pamoja ulivunjika Dallas ilipoona kwamba jengo la abiria limechorwa likiielekea Fort Worth. Fort Worth ikafungua kiwanja chake mwaka 1953, Dallas ikang'ang'ania kiwanja chake cha Love Field, mpaka mwaka 1964 mamlaka ya serikali kuu iliyosimamia usafiri wa anga ilipoitaka miji hiyo ikubaliane. Mwaka 1967 wapiga kura wa Dallas walikataa kuundwa kwa mamlaka ya pamoja ya kiwanja. Kilichobaki ni mkataba wa mwaka 1968 kati ya miji miwili, na juu ya mkataba huo kiwanja kikafunguliwa Januari 1974. Kwa maoni yangu kukataa kule kulikuwa na heri yake: watu wasioaminiana huandika masharti kwa makini.

Tatizo liko kwingine. Ardhi yenyewe imo ndani ya mipaka ya Irving, Grapevine, Euless na Coppell. Miji hiyo ilidai kwamba mipango miji ndani ya mipaka yake ni kazi yake, hasa kiwanja kilipotaka kuongeza njia za kurukia. Mwaka 1993 Bunge la Texas lilirekebisha sheria kuwapa nguvu wenye kiwanja, na mahakama zikaikubali. Leo miji hiyo minne inapokezana kiti kimoja kwenye bodi, tena kisicho na kura.

Hapa ndipo kodi inapoingia. Kwa sheria za serikali kuu, mapato ya kiwanja hutumika kwa mambo ya kiwanja. Hata dola milioni 185 zilizolipwa mwaka 2006 kwa haki ya kuchimba gesi chini ya ardhi hiyo hazikuwa za madiwani kutengenezea barabara za mjini. Pango la maghala na hoteli huenda huko huko. Kinachoweza kufika kwenye hazina ya mji ni kodi. Ndiyo maana kituo cha magari ya kukodi kilichoko upande wa Euless kilihitaji makubaliano yake: abiria akishuka kwenye ndege na kutia saini ya gari, theluthi ya kodi inayogawanywa huenda Euless, theluthi mbili kwa wamiliki. Euless haikupewa kura, ilipewa fungu. Naona ni nusu ya haki.

Houston ilikwepa yote haya. Kiwanja chake kikubwa, kilichofunguliwa mwaka 1969, ni mali ya jiji moja na kimo ndani ya mipaka ya jiji hilo. Njia hiyo ni nyepesi, lakini haimfai asiye na mipaka ya kutanuka.

Kwetu Tanzania liko jaribio la ardhi ya pamoja lenye mantiki tofauti. Huko Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliandaa mpango wa pamoja wa malisho, OLENGAPA, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Jina limeundwa kwa herufi za mwanzo za vijiji vyenyewe. Wanaopanga ni wale wale ambao ardhi iko kwao. Vijiji havina fedha za Texas, na wavamizi wa malisho hawasubiri ramani, lakini hakuna mwenyeji aliyewekwa pembeni asikilize tu.

Dallas na Fort Worth zisilazimishwe kugawa umiliki wao. Shughuli za ndege zibaki mikononi mwa bodi kama ilivyo. Ila kwa ardhi inayokodishwa kwa maghala, ofisi na maduka, kile kiti cha wenyeji kipewe kura kamili.