Kigugumizi: ortofonisti anasaidia namna gani?

Mwanafunzi mwenye kigugumizi anaweza kujua somo lote, na bado akaogopa siku ya mtihani wa mdomo wa Kifaransa kwenye Exetat. Jibu analo, lakini neno linakwama: silabi inarudi-rudi, sauti inavutwa, ao mdomo unafungana bila kitu kutoka. Wenzake wakicheka, anaanza kunyamaza. Walimu wanafikiri hajui kitu. Wengine wanaacha masomo juu ya haya tu.

Kinatoka wapi?

Mara nyingi kigugumizi huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anajifunza kuunga maneno. Karibu watoto 5 kati ya 100 wanakipitia, na wengi kinawaacha chenyewe. Kwa watu wazima kinabaki kwa karibu mtu 1 kati ya 100, wanaume wengi kuliko wanawake.

Chanzo kiko katika namna ubongo unavyoongoza kazi ya kusema, na mara nyingi kinatembea katika jamaa. Mwaka 2015 watafiti walieleza mabadiliko ya jeni moja, AP4E1, waliyoyakuta katika jamaa kubwa ya Kameruni yenye watu wengi wa kigugumizi. Basi si ukosefu wa akili, si ulozi, na si kosa la mama. Kumchapa mtoto, kumshtua ao kumkata kamba ya chini ya ulimi hakumponyeshi.

Kazi ya ortofonisti

Ortofonisti ni mtaalamu wa usemi na lugha. Kwanza anauliza: kilianza lini? Nani mwingine katika jamaa anacho? Kisha anamsikiliza mtu akisema na akisoma, anahesabu mahali anapokwama, na anaangalia kama anakaza uso ao anakimbia maneno fulani.

Kwa mtoto mdogo, mzazi ndiye anafundishwa. Njia moja inayojulikana, Lidcombe, ilianzia Australia miaka ya 1980. Kila siku mzazi anakaa na mtoto kwa dakika chache za mazungumzo na kumsifu anaposema vizuri: “Hapo umesema laini kabisa.” Ortofonisti anafuata maendeleo na kurekebisha.

Kwa kijana ao mtu mzima, kazi ni mbili. Ya kwanza ni mdomo. Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa yeye mwenyewe na kigugumizi, alifundisha watu wasipigane na neno. Likikwama, mtu analimaliza, anasimama kidogo, kisha analirudia kwa ulaini. Akizoea, analegeza midomo palepale katikati ya kukwama.

Ya pili ni woga. Wengi wanabadilisha maneno, wanakataa kupokea simu, wanatuma wengine sokoni. Ortofonisti anapanga ngazi: kusema na rafiki mmoja, kisha kuuliza bei sokoni, kisha kupiga simu, mwisho kusema mbele ya darasa. Lengo si kusema bila kukwama hata mara moja. Lengo ni mtu aseme anachotaka, hata kama anakwama.

Kama ortofonisti yuko mbali

Wataalamu hawa ni wachache katika kanda. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kufundisha kazi hii mwaka 2008 tu. Pale intaneti inaposhika, vikao vinaweza kufanyika kwa video. Wakati huohuo, nyumbani na shuleni kuna mengi ya kufanya:

- Hapana kumaliza neno kwa niaba yake. Ngojea.
- Hapana kumwambia “pumua” ao “sema mbio”. Wewe mwenyewe sema pole pole.
- Mtazame usoni, jibu alichosema, si namna alivyokisema.
- Mwalimu akataze kicheko, na akubaliane na mwanafunzi mapema namna atakavyojibu darasani.

Mzazi asingoje kama kigugumizi kimepita miezi 6, kama mtoto anakaza uso ao anaogopa kusema, ao kama kuna mtu mzima katika jamaa anacho. Aanzie kwa munganga wa kituo cha afya ao Hospitali Kuu ya Lubutu, aombe pia masikio yapimwe. Na mtu mzima akianza kukwama ghafla, zaidi kama kichwa kimeumia ao upande mmoja wa mwili umelegea, apelekwe hospitali siku ileile: hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa ubongo.