Barua ya Mwenye Kuomba Sadaka

Akipita mtu njiani hapa Kapalata akitikisa sanduku, akisema, "Ni ya yatima," yatupasa kumdai nini kabla ya kutia faranga zetu? Swali hili ni la zamani.

Mwaka 1215 Papa Inosenti III aliwakusanya Maaskofu Roma katika Mtaguso Mkuu wa nne wa Laterano. Siku zile waombaji walizunguka Ulaya wakikusanya sadaka, na wengine walikuwa wadanganyifu. Mtaguso ukaamuru: asipokelewe asiyeonyesha barua ya kweli ya Papa au ya Askofu wa mahali. Tena asiseme zaidi ya yaliyomo baruani, asilale vilabuni, asitumie fedha ovyo, asivae nguo za watawa kwa uongo. (Bila shaka yote hayo yalikuwa yametendeka!)

Lakini barua haihesabu fedha. Udanganyifu uliendelea, hata mwaka 1562 Mtaguso wa Trento ukaifuta kabisa kazi ya waombaji wale. Sadaka ikawekwa mikononi mwa Askofu pamoja na makanoni wawili, bila malipo yoyote. Naona hapo walilenga vema: watu watatu hutazamana. Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa.

Sheria ya Kanisa ya 1983 yadai ruhusa ya maandishi kwa mwenye kuomba. Kanuni ya 1287 yawaagiza wasimamizi wawatolee waamini hesabu ya matoleo yao. Ruhusa twaiulizia. Hesabu, mama muuza mihogo aliyetoa faranga zake huona haya kuiuliza.