Mikono ya Mama Zetu Katika Viwanda vya Korosho

Ndugu zetu wana-Newala,

Tukizungumzia waliotoka nyumbani kutafuta riziki, huwa tunawataja wazee wetu waliokwenda kukata mkonge Lindi na Tanga. Mwaka huu tuwakumbuke na mama zetu.

Wanaume walipoondoka enzi za ukoloni, wanawake ndio waliobaki na mashamba, watoto na safari ya kuteremka bondeni kuteka maji. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, Serikali ikajenga viwanda vya kubangulia korosho kwa mikopo ya nje: Newala, Masasi, Mtwara, Lindi, hadi Kibaha na Dar es Salaam. Wasichana na akina mama wakafunga mizigo. Aliyekwenda Dar es Salaam alipanda meli, au basi lililosubiri kivuko cha Ndundu, maana daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu.

Mashine zilipasua maganda. Kumenya, kuchambua na kupanga madaraja kulihitaji mikono ya wanawake. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na vidole vilibabuka. Lakini siku ya mshahara mama alisaini jina lake au kuweka dole gumba, na fedha ikawa yake. Wengi wetu tulinunuliwa madaftari kwa fedha hiyo.

Haikudumu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikaachwa porini, bei kwa mkulima ikawa duni, ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, vingine vikageuzwa maghala. Mama zetu wakarudi kwenye jembe, au wakabaki mjini kuuza vitumbua.

Leo korosho zetu nyingi husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na binti zetu bado wanapanda basi kwenda kutafuta kazi za ndani.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu ni wa bweni la wasichana. Binti akimaliza masomo, akiamua kuondoka, aondoke na cheti mkononi.

Na kama nyumbani kwako yupo bibi aliyebangua korosho kiwandani, mketishe, mwulize, andika. Tusingoje hadi tumzike ndipo tumsifu.

Karibuni tuchangie.