Chumba Kisicho na Dirisha

Binamu yangu anafua mashuka kwenye meli kubwa ya kitalii. Mkataba wake ni wa miezi 9, chumba analala na mwenzake, na dirisha hakuna. Nilipomwambia tasnifu yangu ya uzamili inahusu historia ya meli hizo, alicheka. "Dada, kumbe unasomea starehe? Njoo huku chini uisome vizuri."

Mimi nilianzia juu. Januari 1891, Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg-Amerika alikuwa na tatizo la kibiashara: majira ya baridi wasafiri wa kuvuka Atlantiki hupungua, na meli inayokaa bandarini inakula pesa tu. Akaipeleka Augusta Victoria kwenye Mediterania na abiria 241, matembezi ya karibu miezi 2. Watu wakapenda. Lakini ile ilikuwa meli ya kuvukia bahari, yenye daraja la tatu ambalo katika safari ya matajiri halikuwa na kazi. Mwaka 1900 ikashushwa majini Prinzessin Victoria Luise, iliyoundwa mahsusi kwa utalii: vyumba 120, vyote vya daraja la kwanza, maktaba, ukumbi wa mazoezi, hata chumba cha giza cha kusafishia picha. Nakiri hapo nilivutiwa. Unapiga picha mchana, usiku unaisafisha humo humo baharini!

Daraja la tatu likafutwa. Waliotupia makaa ya mawe tanuruni hawakufutwa. Kwenye picha nilizoziona, wao hawamo.

Anasa zile hazikuikinga meli na mwamba. Tarehe 16 Desemba 1906 nahodha alikosea mahali alipo, karibu na Port Royal, Jamaika, na meli ikapanda miambani. Abiria waliokolewa wote. Nahodha aliingia chumbani mwake akajipiga risasi.

Siidharau raha yenyewe. Unafungua begi mara moja, unalala nchi moja unaamkia nyingine, na sahani hujui nani kaiosha. Ila Februari 2020, pale Yokohama, Diamond Princess iliwekwa karantini ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 wakaambukizwa korona. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho abiria hukichagua kwa unafuu wa bei kwa kuwa ni cha kulala tu, sasa mtu alikaa humo karibu kutwa nzima. Wafanyakazi waliendelea kupika na kupeleka chakula mlango kwa mlango, kisha wakarudi kulala kwenye vyumba vyao vya pamoja. Msimamizi wangu anataka sura hiyo niifupishe. Bado sijaifupisha.

Wiki iliyopita nilimuuliza binamu Jamaika ikoje. Akasema meli yao imetia nanga huko mara 6.

"Niliiona siku moja, nilipopanda juu kuvuta hewa. Kuna milima."