Nani Hula Kwanza

Tangi letu lilitengenezwa na fundi wa vioo pale Kayanga, na silikoni yake ilimwagika kwenye kingo kama utomvu wa mgomba. Mimi na wanafunzi wa kidato cha tatu tuliliweka nyuma ya maabara, tukakubaliana kwamba hatutaingiza samaki wa dukani. Tulitaka wa kwetu tu. Mvuvi wa ziwa moja dogo la bonde la Mto Kagera alituuzia furu 6. Visamaki 15 vya rangi ya fedha, ukoo wa kuyu lakini visivyozidi urefu wa kidole, tulivikinga wenyewe kwa chandarua kwenye kijito.

Tulikuwa tunawalisha saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Nilidondosha unga wa dagaa na visamaki vikaja vyote kwa pamoja, kama watoto waliosikia kengele ya uji. Kundi zima liligeuka mara moja, likafagia, likageuka tena. Furu walipojitokeza nyuma ya jiwe, kila mmoja kwa wakati wake na kwa tahadhari zake, walikuta maji matupu. Nikadhani dawa ni kuongeza chakula. Visamaki vikanenepa na maji yakaanza kunuka.

Wiki ya tatu msichana mmoja aliniita. "Mwalimu, huyu wa kwenye jiwe tumbo limeingia ndani. Nadhani hajala tangu tumlete." Furu huyo alikufa siku ya Ijumaa, na wanafunzi walinitazama kama watu wanaojua wa kumlaumu.

Nilianza kusoma habari za furu ili nijue kuwalisha. Nikajikuta nasoma historia ya Ziwa Victoria.

Ziwa lile lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500 za furu, na kilichozitenganisha, pamoja na rangi, ni chakula. P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutazama meno na taya zao. Wapo waliokwangua mwani kwenye miamba, waliovunja konokono, waliokula wadudu kwenye tope, waliokula furu wenzao. Wengine walinyofoa magamba ya samaki wengine. Wapo hata waliomlazimisha mama kutema mayai na watoto anaowatunza mdomoni, wakawala. Sisemi waliishi kwa amani, maana amani gani hiyo? Ila hawakugombania sahani moja.

Maofisa wa kikoloni waliwaona kwa jicho jingine: visamaki vyenye miba, visivyo na bei, takataka. Walitaka samaki mkubwa atakayegeuza takataka hiyo kuwa nyama. Mwaka 1954, upande wa Uganda, sangara kutoka Ziwa Albert waliingizwa kimyakimya. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa samaki, aliandika kuonya dhidi ya mpango huo. Mwaka 1962 na 1963 sangara wengine wakamwagwa waziwazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo hesabu iliyopigwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipofika Mwanza mwaka 1977, nyavu zilizokokotwa chini ya ziwa bado zilijaa furu: zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote. Muongo mmoja baadaye, katika Ghuba ya Mwanza, furu walikuwa karibu wametoweka kwenye maji ya wazi. Inakadiriwa kwamba aina kama 200 zilipotea ziwani. Sangara hakuwa peke yake, kwani mbolea na udongo kutoka mashambani vilichafua maji, na katika maji machafu furu hawakuona rangi za kuchagulia wenzi. Na nikubali jambo moja: minofu ya sangara imelipia ada za watu wengi Kanda ya Ziwa, pengine hata wewe unayesoma.

Baadhi ya furu waliokolewa kwa mifuko ya plastiki wakapelekwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Huko, samaki ambao babu zao walikula vitu tofauti walianza kudondoshewa chakula laini cha aina moja, kwa saa moja, kwa mkono mmoja. Mwaka 1965 Greenwood alikuwa ameshaonyesha gharama yake. Samaki aitwaye Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono wa maji yetu, akikulia kwenye tangi kwa chakula laini, taya zake za kooni hubaki ndogo. Baadaye samaki huyohuyo alipelekwa Kameruni apunguze konokono wanaobeba kichocho. Kwenye mabwawa kulikuwa na vyakula vingine vilivyo rahisi, taya zikadhoofika, na konokono wakaendelea kuzaana.

Karagwe haikuhitaji kuambiwa kwamba mwili hufuata mkono unaolisha. Speke alipokaa kwa Mfalme Rumanyika, mwishoni mwa 1861, aliona wake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama kukawa shida. Alimwona pia binti akinyonya maziwa huku baba yake ameshika fimbo.

Maji ya kwetu yana hadithi yake ndogo katika habari hii. Ndani ya mafunjo oksijeni ni haba. Sangara haivumilii hali hiyo, lakini furu wengi huivumilia. Jambo hili lilichunguzwa vizuri Ziwa Nabugabo, Uganda, ambako furu walinusurika kwenye kingo zenye mafunjo wakati sangara akitawala katikati. Ndiyo maana watafiti wameyafuata pia maziwa madogo ya Kagera, Burigi na Ikimba yakiwamo, kutafuta samaki waliopungua au kutoweka katika ziwa kuu. Sisi tunaokaa Karagwe na Kyerwa mafunjo tunayaona kama mikeka, au kama shamba lililochelewa kulimwa. Nami nina wasiwasi zaidi na ndoo ya vifaranga vya sato inayobebwa kwa nia njema kwenda kupandwa ziwani. Sato huzaana na ngege, na baada ya muda ngege halisi hapatikani.

Kwenye tangi tulibadili utaratibu. Mwanafunzi mmoja husimama kona ya kulia na kurusha pumba kidogo inayoelea. Visamaki vikishakusanyika pale, mwingine hushusha donge la dagaa waliosagwa kwa mrija, kona ya kushoto, nyuma ya jiwe. Jioni, giza likiingia na kundi likitulia, tunashusha donge jingine dogo. Tunatoa kidogo kuliko zamani, na maji hayanuki tena. Mkono wa kulia ukichelewa hata kidogo, kundi linawahi kushoto, na siku hiyo furu wanalala njaa.

Mwezi uliopita yule msichana aliniita tena. "Mwalimu, mwingine hali." Moyo ulinishuka. Furu jike alikuwa amejibana pembeni, donge limempita puani na hakuligusa. Tukainama mpaka pua zetu zikagusa kioo. Kidevu chake kilikuwa kimevimba, na kila alipopumua, mdomoni kulionekana mayai ya manjano.

Tuliongeza mawe upande wake, na pumba tukaisogeza mbali zaidi.