Chotara, Iliyopandikizwa, Iliyohaririwa

Katika maduka ya pembejeo yaliyolizunguka Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, GMO limekuwa tusi. Mteja huishika pakiti ya mahindi chotara, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akauliza kama "si zile za GMO". Nyanya ikiwa ngumu mno, ni GMO. Tikiti likikosa mbegu, ni GMO. Kuku wa kisasa akinona kwa wiki tano, naye hasalimiki. Muuzaji huapa kwamba mbegu zake ni salama, na kiapo chake kina msingi kuliko anavyodhani, kwa kuwa Tanzania haijaruhusu zao lolote la GMO kulimwa kibiashara.

Kinachomtia mteja wasiwasi mara nyingi ni huo uchotara wenyewe. Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha ukoo mmoja safi wa mahindi kwa chavua ya ukoo mwingine. Ni kazi ya shambani, ya mikono na mifuko ya karatasi ya kuzuia chavua ngeni. Mkulima akiyahifadhi mavuno yake ayapande tena, msimu wa pili shamba hutoka mchanganyiko: mmea huu mrefu, ule mfupi, mwingine umebeba kihindi kama kidole. Hapo ndipo uvumi wa "mbegu zilizotiwa kitu" unapopata miguu. Hakuna kilichotiwa. Sifa za wazazi zimeachana tu, kila moja imeshika njia yake.

Istilahi tuliyo nayo haimsaidii mteja huyu. Mazao ya GMO magazeti huyaita "mazao yaliyobadilishwa vinasaba". Vinasaba ni neno zuri, mzizi wake ni nasaba, na watu wa Dar es Salaam walilizoea kupitia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pale Barabara ya Barack Obama, ambako hupimwa nani baba wa mtoto. Mwaka 2009 ikatungwa hata sheria ya vinasaba vya binadamu. Lakini neno limebaki na harufu ya shauri hilo: mahindi yaliyobadilishwa vinasaba husikika kama mtoto aliyebadilishiwa baba. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba linameza kila kitu. Chotara naye ana vinasaba visivyofanana na vya mzazi wake yeyote. Hata mbegu ambayo bibi alikuwa akiichagua darini kila mwaka, vinasaba vyake vilikuwa vikibadilika.

Sheria haiulizi kama mbegu imebadilika, inauliza imebadilishwaje. Itifaki ya Cartagena ya mwaka 2000, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 2003, inamhusu kiumbe hai mwenye mchanganyiko mpya wa vinasaba uliopatikana kwa bioteknolojia ya kisasa, yaani kwa kuishughulikia DNA nje ya mwili wa kiumbe, au kuunganisha seli za viumbe wa familia tofauti, kwa namna inayoruka vizuizi vya uzazi wa asili. Chotara hamo. Kanuni za Tanzania za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilifuata mkondo huo na kuongeza ukali: madhara yakitokea, fidia italipwa hata kama uzembe haukuthibitishwa. Watafiti walilia na kifungu hicho, kikalegezwa 2015 kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi ya mradi wa WEMA yakapandwa ndani ya uzio huko Makutupora, Dodoma. Yalikuwa yamewekewa jeni iitwayo cspB, iliyotoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, ili yastahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta majaribio ya aina hiyo.

Jeni moja kutoka kwa bakteria. Kuliita hilo "kubadilisha vinasaba" ni kuficha kilichotendeka, nacho ni kupandikiza. Muhimbili, si mbali na Kariakoo, walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na hakuna aliyehitaji kamusi kuelewa kwamba kiungo kimetoka kwa mtu mmoja kikawekwa kwa mwingine. Mkulima wa mpunga atasema kwake kupandikiza ni kuhamisha miche kutoka kitaluni. Sawa, lakini ukisema "mbegu iliyopandikizwa jeni" umeshataja kilichohamishwa. (Miche ya maembe inayounganishwa kwa kisu ina neno lake, kubebesha, wala haina ugomvi na hili.)

Ugumu unakuja kwenye kuhariri jeni. Mbinu ya CRISPR, iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia 2020, huikata DNA mahali palipochaguliwa. Mmea unapoiunga tena DNA hiyo, herufi chache hupotea au hubadilika. Mara nyingi hakibaki chochote cha kigeni. Kenya ilitoa mwongozo wake mwaka 2022: zao lililohaririwa huchunguzwa peke yake, na likikutwa halina DNA ya kigeni laweza kuondolewa chini ya sheria ya GMO. Kanuni zetu ziliandikwa kabla CRISPR haijawa chombo cha kazi. Je, herufi tatu zilizofutwa ni "mchanganyiko mpya"? Wanasheria wabishane. Mfasiri anayeandika "yaliyobadilishwa vinasaba" kwa kupandikiza na kwa kuhariri pia ameshawakatia kesi kabla hawajaingia mahakamani.

Maabara nayo haitawaokoa. Vipimo vingi vya GMO hutafuta vipande vya DNA vinavyotumiwa mara kwa mara katika kupandikiza, kama kile cha 35S kinachotokana na virusi vya koliflawa. Mahindi yaliyohaririwa yanaweza kupita bila kuonyesha kipande hicho, na bila kujua badiliko lenyewe liko wapi, mpimaji hana pa kuanzia. Mkaguzi wa bandarini atabaki na hati ya shehena mkononi. Ningependa hati hiyo iwe na visanduku vitatu: chotara, iliyopandikizwa jeni, iliyohaririwa jeni. Pakiti za mbegu tayari zina lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na pana nafasi ya neno moja zaidi. Baraza la Kiswahili (BAKITA), TOSCI na Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira, wanaweza kukubaliana juu ya neno hilo hata kabla ya kukubaliana kama mbegu yenyewe iingie nchini.