Mpumu, kilima kilichotuonya kuhusu mbuzi

Mwaka 2017 wataalamu wa afya na mifugo wa Uganda waliteua magonjwa saba ya kupewa kipaumbele miongoni mwa yale yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Brusela imo. Homa ya Q haimo, ingawa nayo huletwa na mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wanapozaa au kutupa mimba. Jiji kama Kampala, linalokula mbuzi na kunywa maziwa kila siku, halikustahili kusahauliwa hivyo, kwani onyo la kwanza kuhusu homa za mbuzi lilitolewa jirani tu, Mukono, zaidi ya karne moja iliyopita.

Tume ya Royal Society ya London ilipiga kambi katika kilima cha Mpumu, huko Mukono, mwaka 1908, ikiongozwa na Sir David Bruce, daktari wa jeshi. Ilikuja kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokwisha kuua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Huko ikakutana na homa nyingine, ambayo watu wa magharibi mwa Uganda waliiita muhinyo. Mwaka 1910 ikatangaza kuwa muhinyo ni homa ileile ya Malta, na kwamba mbuzi ndiye anayeonekana kuwaambukiza watu.

Bruce aliijua vizuri. Mwaka 1887, kisiwani Malta, alipata kijidudu chake katika wengu za askari wa Uingereza waliofariki. Lakini kwa miaka kumi na minane hakuna aliyejua kilikotoka. Jibu lilipatikana mwaka 1905 mikononi mwa daktari Mmalta, Themistocles Zammit. Alipima damu ya mbuzi walionunuliwa kwa majaribio, wanyama wenye afya nzuri machoni, akakuta tayari wana dalili za maambukizi. Muda mfupi baadaye kijidudu kikaonekana katika maziwa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikashuka ghafla. Bruce, aliyekuwa mkuu wa tume ya Malta, alivuna sifa nyingi. Wamalta walilalamika kwa miaka kwamba mtu wao amefunikwa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Ugonjwa wenyewe leo unaitwa brusela, kwa jina la Bruce.

Homa ya Q ilikuja kujulikana baadaye, mwaka 1935, Edward Derrick alipowachunguza wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane, Australia. Hii humwingia mtu hasa kwa pumzi: kondo la nyuma na maji ya uzazi yakikauka, vumbi lake hubeba vijidudu vinavyodumu muda mrefu. Wengine hubaki na madhara ya moyo.

Kwetu homa bado huitwa malaria haraka mno. Moshi, Tanzania, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008, 528 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Homa ya Q na brusela zilikuwa miongoni mwa zilizokosewa. Katika machinjio ya Kampala na Mbarara nako, takriban mfanyakazi mmoja kati ya kumi alionyesha dalili za brusela katika damu.

Maziwa yakichemshwa, vijidudu vyote viwili hufa. Kwa vumbi la zizini, kuchemsha hakusaidii. Anayemzalisha mbuzi anahitaji glavu na barakoa, na daktari anayempokea akiwa na homa anapaswa kumuuliza habari za mifugo kabla hajamwandikia dawa ya malaria.